Nne Juu ya Kumi kwa Baba Mkwe

Najua mtacheka. Chekeni tu, mimi aibu yangu niliimaliza zamani, na mpaka leo nikipita sokoni Beni watu wa Mulekera, mtaa wa kina Kavira mke wangu, wananiita "Mwalimu wa Papa" halafu wanageukia ukutani kuficha meno. Sawa. Lakini mji mkuu wa Nigeria ni Abuja, na hilo silirudishi nyuma kwa mtu yeyote, hata kwa mzazi wa mke wangu.

Ilikuwa siku ya kupeleka mbuzi za mahari ya Kavira. Tulitoka Butembo alfajiri kwenda kwao Beni, mbuzi juu ya gari, sisi ndani, na njia nzima Papa Mbusa, mdogo wake baba na msemaji wetu, alinikumbusha kwamba bwana arusi hasemi, anainamisha kichwa na kuwaachia wazee. Na wakitutafutia makosa (maana kwetu upande wa binti lazima watafute, umechelewa, umekaa vibaya, umekohoa bila ruhusa, amende, yaani faini, leta kuku), tusikasirike, ni mchezo, tulipe huku tunacheka.

Tulipofika, wenyeji walikuwa bado wanavaa. Wenzangu wakabaki nje kushusha mbuzi, mimi nikakalishwa sebuleni peke yangu, na mezani kuna kitabu cha mots croisés, mafumbo ya kujaza maneno kwenye visanduku, vile vya maarifa ya jumla, kimefunguliwa. Sasa mimi nafundisha darasa la sita kule Mususa, mtaani kwetu Butembo, na hivyo visanduku ndio ugonjwa wangu, nikiviona mkono unawasha. Nikasema nitazame tu. "Mji mkuu wa Nigeria", herufi tano, na mtu ameandika LAGOS! Na kwa sababu ya hiyo Lagos, kila neno lililopita hapo lilikuwa limeharibika. Nikachomoa biki yangu nyekundu (kalamu ya kusahihishia, mwalimu haiachi nyumbani, hata siku ya mahari), nikakata LAGOS, nikaandika ABUJA, nikaendelea na mengine, na nilipofika chini, jamani, mkono kwa mazoea yake ukaandika 4/10, na pembeni: "Peut mieux faire", yaani anaweza kufanya vizuri zaidi. Nikatia na sahihi.

Nilidhani ni kitabu cha mdogo wake Kavira.

Watu wote walipokwisha kukaa, Papa Kambale, baba yake Kavira, mfanyabiashara wa kakao mwenye sauti nzito, akakiinua kitabu ili vinywaji vipate nafasi. Akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Ni nani alinipatia inne juu ya kumi, mu nyumba yangu?"

Papa Mbusa akajua mchezo umeanza. Akacheka mpaka kofia ikamteleza, akasema kweli kijana wetu ana kosa, tunaleta kuku. Papa Kambale akasema hachezi. Papa Mbusa akafurahi zaidi, akawasifu bakwe, wakwe zetu, kwa kujua kukasirika vizuri hivyo, akaongeza kuku wa pili, na watu wetu wakapiga makofi. Yule mzee kila akizidi kuwaka, sisi tunazidi makofi. Mimi nimeinama, roho imeniruka, na siruhusiwi kusema.

Mwishowe mzee akamgeukia Kavira. "Weye ulisoma. Capitale ya Nigeria ni wapi?"

Kavira (mwenye diploma, mjue) akanitazama mimi, akatazama mbuzi kupitia mlangoni. "Ni Lagos, papa."

Mzee akanigeukia mimi. "Umemusikia. Na weye sema vile, tumalize, tukule."

Neno moja tu, na mwanamke ninayempenda ni wangu. Alikuwa ananiomba kwa macho. Niliogopa, siwadanganyi, jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Lakini nikawaza, Jumatatu nitasimamaje mbele ya batoto wangu na ile ramani ukutani? Nikasimama.

"Papa, na heshima yote, ni Abuja. Na Kavira anajua."

Mbuzi zikapandishwa tena garini. Kule Mususa majirani walikuwa wanatungoja kwa nyimbo, na nyimbo zilikatika pale walipoona mbuzi zinashushwa zile zile. Papa Mbusa aliacha kunisalimia. Kavira hakushika simu siku nyingi, na siku aliyoshika alisema jambo moja: "Miye nilisema uongo kwa ajili yako, weye neno moja tu ulikatala." Hilo liliniuma kuliko mbuzi zote. Nikamwambia nikianza kudanganya siku ya kwanza kwenu, nitadanganya mpaka uzee. Akakata.

Halafu toleo jipya la kile kitabu likafika Beni, na nyuma yake, kama kawaida, majibu ya lile lililopita. Papa Kambale akanipigia mwenyewe, hata salamu hakutoa.

"Leta mbuzi zako."

Nikasubiri aseme Abuja. Hakusema.

"Na uongeze moja ya amende."

Nikamwuliza, taratibu, ni ya kosa gani, maana kama ni ile Lagos...

"Hapana juu ya Lagos. Juu ya ile inne."

Nililipa, tena mbuzi mnono, na Kavira yuko hapa ndani anasikia ninavyowasimulia. Nimeapa: nikienda kwa bakwe, biki nyekundu inabaki Butembo. Ninabeba ya buluu.