Ndoo ya Mama Beleshi

Mama Beleshi hakumwamini mkwewe tangu siku alipokuja kujitambulisha na viatu vya kuazima vinavyomkimbia miguuni. Kwa hiyo alipomwona anashusha kazini kwake magunia ya chakula cha mbwa alichotengeneza kwa mabuu ya nzi, alijisemea tu: leo kaamua kutulisha nzi kweli.

Mama huyu alikuwa mtunza mbwa wa kampuni ya ulinzi kwa miaka kumi na tisa, na jina lake halisi lilishafukiwa na beleshi analozolea mavi. Mbwa walikuwa wanane, ila mmoja, jike mzee aitwaye Bibi, alikuwa roho yake. Bibi alikonda. Msimamizi alishatamka: mwisho wa mwezi asipofika kilo thelathini, anaondolewa. Na mbwa akiondolewa pale hapelekwi likizo.

"Mama, hiki kinaishinda nyama," mkwe alisema. "Protini asilimia arobaini. Soma gunia."

"Hata barua yako ya uchumba ilisomeka vizuri, baba."

Hakubishana zaidi. Yeye alikuwa na maabara yake: ndoo na mizani ya kuning'iniza. Kilichoingia kisitoke, ndicho kilichomfaa mbwa. Kila asubuhi alizoa mavi ya Bibi, akapima, akaandika ukutani kwa chaki. Alitegemea mlima. Mlima ukawa kichuguu, kikavu, kidogo kuliko enzi za pumba na mifupa. Manyoya ya Bibi yakaanza kung'aa.

Akaishuku mizani. Akapima pakiti ya chumvi ya kilo moja. Ikasoma kilo moja. Akamshuku msimamizi kwamba anampa mbwa nyama kwa siri, kisha akakumbuka kwamba mtu yule hata mkate anaula kaugeukia ukuta.

Wiki ya tatu likafunguliwa gunia la pili, maandishi yaleyale. Siku ya nne ndoo ikawa nzito, na ndani ya mavi mna maganda yanayometameta. Alivunja punje ya chakula kiganjani: vipande vigumu, kama kucha zilizokatwa. Akamwita mkwe.

"Mabuu haya mlivuna lini?"

"Kwa wakati wake, mama."

"Nimeuliza lini, baba. Wakati wake naujua."

Mkwe akatazama viatu vyake, ambavyo safari hii vilikuwa vyake. "Tulichelewa. Yalishaanza kuwa meusi, maganda yakakomaa. Lakini tulipima, protini ikasoma ileile."

"Na ganda nalo linahesabiwa?"

"Kipimo kinalihesabu kidogo, mama."

"Basi mpe kipimo ale. Huyu wangu hasomi karatasi, anasaga, na kisichosagika ananirudishia mimi."

Gunia lilirudi jioni ileile, likaja la mabuu machanga. Mama Beleshi alilichekecha lote kabla ya kumruhusu mkwe aondoke.

Siku ya mwisho wa mwezi Bibi alipandishwa kwenye mizani ya ofisini. Thelathini na robo. Msimamizi akashika kalamu.

"Mshushe, mpandishe tena," Mama Beleshi alisema.

Thelathini na robo. Akainama kuhakikisha hakuna mguu wa mtu uliokanyaga ubao. Hakuna.

"Mama, bado huniamini?" aliuliza mkwe, aliyekuja kushuhudia.

"Chakula nimekiamini. Wewe bado nakupima."

Asubuhi iliyofuata ndoo ilikuwa kwenye ndoano ya mizani, na chaki mpya dirishani.