Siku Nilipozifuta Sauti za Bi Mwanamisi

Jamani, aibu hii niliificha muda mrefu, lakini leo nawaambieni, chekeni mchoke, maana hata mimi nimeshaanza kucheka.

Nilikuwa nimetengeneza programu ya simu ya kuwapa kina mama wajawazito wa Msambweni mawaidha ya afya kwa Kidigo, lugha yao, na sauti alizitoa Bi Mwanamisi, mkunga mstaafu wa kijiji cha Waa, siku tatu nzima tumejifungia chumbani kwake (majogoo wake hawana adabu). Asubuhi ya kuionyesha, kompyuta ikaniambia nafasi imejaa. Nikasema, ah, dogo hilo, nitafuta faili za ujenzi, zile ambazo kompyuta huzitengeneza yenyewe kila unapoiunda programu, ukizifuta inazitengeneza tena. Nikaandika amri ya kufuta folda nzima, sikuchungulia ndani, nikabonyeza (mtaalamu!), nikaiunda programu upya, nikaitia kwenye simu, nikatoka mbio.

Ukumbi umejaa kina mama na wauguzi, na Bi Mwanamisi yuko mbele na leso mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nijisikie."

Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti, nikaitikisa simu kama chupa ya dawa, kimya. Juma, mwenzangu wa kazi, akaninong'oneza, tena mbele ya kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Uliangalia kilichomo kabla ya kufuta? Sauti si ulizitia humo humo?"

Nilizitia, kwa uvivu wangu. Na nakala nyingine sikuwa nayo. Machozi yakanilenga, nikatamani ardhi inimeze na simu yangu.

Bi Mwanamisi akainuka, akakichukua kipaza sauti. "Usilie, mwanangu. Zilizopotea ni za simu. Yangu ninayo."

Akaanza upya, dalili za hatari, chakula, lini ukimbilie hospitali, na kina mama wakawa wanamuuliza mambo ambayo sisi chumbani hatukuyafikiria kabisa, naye anajibu, watu wanacheka, na Juma (Mungu ampe kheri) anarekodi kila neno. Programu inayotumika leo ndiyo hiyo, maswali na vicheko vyote vimo, na wauguzi wanasema kina mama wanaisikiliza mpaka mwisho.

Lakini mimi nimekoma. Sauti zina folda yake, nakala anayo Juma, na kabla ya kufuta chochote naiambia kompyuta initajie kwanza itakachofuta, nasoma jina moja moja kwa kidole, ndipo nabonyeza.