Kiangazi Nilichobaki na Baba Mkwe

Mwaka ule wa ukame, katika miaka ya hamsini, nilikuwa mke mgeni pale Kisawasawa. Mume wangu alikuwa amekwenda kukata mkonge upande wa Kilosa, akaniacha kwa wazazi wake. Masika ilipita bila mvua ya maana, na kijito kilichotoka milimani kikakauka mapema. Mama mkwe akawachukua watoto wadogo, akaenda nao kwa dada yake, kijiji cha Mchombe. Baba mkwe alikataa kuhama. Angemwachia nani mbuzi wake? Nami nikaambiwa nibaki nimpikie.

Kwa desturi yetu mkamwana hazungumzi ovyo na baba mkwe. Asubuhi nilipiga magoti, "Shikamoo, baba," naye akaitikia, "Marahaba, mama," akitazama pembeni. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya siku nzima. Nilikula jikoni, yeye barazani. Majirani wengi walikuwa wamehamia mbali, kando ya mto mkubwa. Hata mlio wa kinu cha mtu sikuusikia.

Maji niliyapata kwa kufukua mchanga wa kijito. Nilikaa shimoni nikingoja yajikusanye, nikayachota kwa kata mpaka mtungi ufike nusu. Yale ya kuoshea mchele niliyatunza, nikaoshea vyombo, kisha nikawapa mbuzi. Kuoga ilikuwa kujifuta kwa kitambaa kibichi. Nilitamani mtu wa kuongea naye Kipogoro chetu cha Mahenge, hata kama ni kulalamika tu.

Kisha nikaona maji ya kuoga niliyomwekea baba mkwe yamebaki kwenye beseni, hayajaguswa. Kesho yake vilevile. Nikadhani nimemuudhi. Nikajikaza, nikamuuliza nikiwa nyuma ya mlango.

"Baba, maji yana kasoro?"

"Hayana. Oga wewe, mama. Mimi hapa namnukia nani?"

Kicheko kikanitoka, halafu nikaogopa. Lakini barazani nako nikasikia mzee anacheka, mpaka akakohoa.

Tangu hapo tukawa tunaongea hivyo, mlango ukiwa katikati. Aliniuliza kwetu wanalima nini, na kama baba yangu yu hai. Alinisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa mtoto mwoga, akilia akimwona beberu. Hatukutazamana hata mara moja.

Mvua zilipoanza, mama mkwe akarudi na watoto, nyumba ikajaa kelele. Baba mkwe akawa tena mtu wa kuitikia salamu tu. Mara nyingi nilifagia karibu na ule mlango, mahali palipokwisha kufagiliwa, nikitumaini ataniuliza chochote. Hakuuliza. Watu walikuwa wengi mle ndani, nami sikuwa na wa kuongea naye.

Mwaka uliofuata mume wangu alirudi, tukahamia Ifakara. Nilipopiga magoti kuaga, mzee alisema, "Nendeni salama," akaenda kuwafungulia mbuzi.