Bunduki Tatu za Papa na Mdomo Wangu

Harufu ya mafuta ya cherehani ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Nilikuwa nimesimama kwa fundi mshonaji, katika mji huu ninakosoma, asubuhi moja ya kiangazi, ambacho huku ni wakati wa baridi inayowafanya watu wazungumze huku mikono wameificha kwapani. Fundi alidondosha tone moja kwenye tundu la mashine yake, mafuta mepesi kama maji, yenye harufu kali na safi, kisha akaanza kumsema mteja ambaye hakuwepo.

"Ule mama alinywesha mashine mawese," alisema. "Mawese, kaka. Mu hii baridi. Asubuhi gurudumu ikalala sawa mulevi, haizunguke hata kidogo."

Waliokuwa wakingoja walicheka. Mimi nilisahau hata suruali niliyoijia. Nilitoka nje na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumpa, kwa sababu fundi yule, bila kunijua, alikuwa amenieleza kwa maneno machache jambo lililoivuruga nyumba yetu miaka mingi.

Tulikaa Masisi, juu kwenye vilima. Papa alikuwa Muhunde, mkulima wa maharage na mahindi. Mama alitoka Kibua, kule Walikale, chini kwenye msitu na joto lake. Kwetu ukungu ulilala juu ya maharage hadi saa tatu za asubuhi, na sisi watoto tulikwenda shule tukipuliza moshi mdomoni kama wazee wa kiko. Kwao Mama hata maji ya mtungini yalikuwa vuguvugu. Nawaomba mshike tofauti hiyo. Sisi tuliivuka kwa miguu kila mwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria.

Bunduki ya kwanza Papa aliiona ikining'inia dukani Masisi. Alisema ni kwa ajili ya ngedere waliokula mahindi yetu, lakini uso wake ulisema jambo lingine. Bunduki ya baruti ilikuwa ya wazungu, na ya wachache waliopewa karatasi. Hii ilikuwa ya upepo tu: unaikunja katikati kwa nguvu, resori, ile springi ya ndani, inajibana, unatia kijirisasi kidogo kama punje ya mtama, unafyatua. Hakuna aliyeihesabu kuwa bunduki isipokuwa Papa. Aliuza mbuzi, akainunua, na jioni ile akapita nayo begani kwenye njia ndefu ya kurudi nyumbani, ingawa ya mkato aliijua.

Papa hakuamini chuma kisichopakwa mafuta. Kwa wakwe zake Kibua, mikuki na visu vya kuwindia hupakwa mawese visile kutu, naye katika mambo ya uwindaji aliwaamini hao kuliko padri. Akanituma jikoni nichote mawese katika kipande cha jani la mgomba. Akayamimina kwenye tundu la bunduki, si tone, kijiko kizima, akaifuta, akaitazama kama mtu aliyemlisha mtoto. Mama hakuambiwa ni ya nini. Kwao mwanamke hagusi silaha ya kuwindia, na Papa, ambaye hakuzaliwa huko, aliishika mila hiyo kuliko wenyewe. Hata kuitaja bunduki mbele ya Mama hakupenda.

Siku chache baadaye, kabla bunduki haijafyatuliwa hata mara moja, tulishuka Kibua kumsalimu Mujomba Bulambo, kaka yake Mama. Huyu alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwindaji wa wavu, mwenye mbwa wanaovaa kengele za mti shingoni. Alikuwa na msemo wake, "Mukono moja haikamate wavu," akiusema kwa kila jambo, hata kwa kuomba chumvi. Na kicheko chake kilianza tumboni, kikapanda taratibu, kikafika mdomoni kimechelewa.

Kule kwenye joto bunduki ilifanya kazi vizuri mno. Papa aliniachia asubuhi ya pili, nami nikamwangusha njiwa wa porini. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Nilijua desturi, sitajificha nyuma ya utoto. Windo la kwanza la silaha mpya hupelekwa kwa mjomba likiwa na manyoya yake yote. Yeye ndiye anayelikata, anachukua kidari, anaibariki silaha, anakurudishia kilichobaki. Nilikuwa nimemwuliza Papa kwa nini mtu ambaye hakulenga wala kufyatua ale kidari changu. Akanijibu, "Ni vile." Nikamwuliza Mama, naye akasema niende nikamwulize mjomba mwenyewe. Sikwenda. Nilichukua chumvi, nikaingia nyuma ya migomba, nikawasha moto, nikamla njiwa yule peke yangu, nusu mbichi, nikijiambia kwamba jibu lisilo na sababu halinifungi.

Mujomba alinikuta nikitoka mgombani. Alinitazama, akanyoosha mkono, akatoa unyoya kwenye nywele zangu.

"Wee mutoto ya dada yangu," alisema, "hii bunduki haitakushibisha. Njiwa moja, na unakula peke yako. Mie nishibe nini, moshi?"

Kicheko kikaanza kule tumboni kwake, kikapanda, kikatoka. Akanipa ndizi mbivu iliyochomwa, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Na bunduki hakuibariki, kwa sababu hakukuwa na nyama ya kuibarikia.

Tuliporudi Masisi, bunduki ilikufa. Asubuhi ya kwanza Papa aliwaita majirani wawili waone atakavyomfundisha ngedere adabu. Alikunja, akalenga, akafyatua. Kikasikika kitu kama mzee anayesafisha koo, na kijirisasi kikaanguka miguuni kwake. Jirani mmoja akainama, akakiokota, akampa. "Papa Bauma, umeangusha kitu," alisema, kwa heshima zote.

Papa aliniita nyuma ya nyumba. Alitaka kujua nilifanya nini na bunduki yake kule Kibua. Fimbo ilikuwa tayari mkononi. Niliogopa, nami nikafanya jambo dogo sana, ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kumshika mtoto yule mabega nimtikise. Nilisema, "Si mie, Papa. Mujomba njo alisema hii bunduki haitakushibisha."

Fimbo ilishuka bila kunigusa. Njiwa sikumtaja, wala unyoya, wala ndizi. Wala kicheko.

"Alisema vile?"

"Alisema vile."

Ilikuwa kweli tupu. Alisema vile.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu ilijulikana kwamba shemeki, yaani shemeji yake Papa, amefunga bunduki kwa laana. Papa alikuwa Mkristo, aliimba kanisani kwa sauti kuliko wote, lakini jambo hili alilishika bila shida yoyote. Kilichonichosha hata wakati ule ni jinsi alivyopata ushahidi kila mahali. Mchana, jua likiwaka sana, bunduki ilipata uhai kidogo na kurusha hatua kumi. Papa akasema, "Shemeki amelala." Ukungu ukirudi, inanyamaza. "Ameamuka." Hakuna aliyejiuliza kwa nini laana inafuata jua.

Bunduki ya pili aliinunua mwaka uliofuata, dukani palepale. Safari hii hakuipeleka Kibua, ili isionwe. Aliinywesha mawese siku ileile, mengi zaidi, ili kuikinga. Haikumaliza wiki. Ya tatu aliinunua baada ya miaka, kutoka kwa kijana aliyerudi kutoka machimbo ya Omate, ambaye aliifyatua mbele yetu ikatoboa kopo. Papa alifurahi kama bwana arusi. Usiku wa baridi ulipopita, na kijiko cha mawese kikiwa ndani, nayo ikasafisha koo.

Na mawese hayo hayakuwa tena ya Mujomba. Zamani alikuwa akimtumia Mama chupa kila alipopata mtu wa kupanda Masisi, lakini Papa alikataza yasiingie nyumbani. Tulinunua sokoni. Bunduki tatu, mafuta ya watu mbalimbali, ugonjwa uleule. Mtu yeyote mwenye akili angeifungua moja atazame ndani. Papa aliogopa kuifungua, nami niliogopa atakachokuta akifungua: labda hakuna laana, halafu aniulize upya.

Jambo kubwa halikuwa bunduki, mnaelewa. Papa alimkataza Mama kushuka Kibua. Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka wa pili aliomba. Baadaye akawa anawauliza tu wabebaji waliopita, akisimama mbali na njia: Bulambo iko? Mbwa zake ziko? Nilikuwa na miaka kumi na minne habari ilipofika kwamba Mujomba amekufa. Papa alisema, "Utaenda kulilia muntu aliyetufunga?" Kesho yake Mama alikwenda shambani kama kawaida, akapalilia mstari uleule mara mbili.

Likizo iliyofuata baada ya siku ile ya fundi, nilirudi Masisi nikiwa na maelezo yangu yamepangwa vizuri. Papa alikuwa kwa majirani. Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza habari ya mafuta na baridi, jinsi mawese yanavyoganda ndani, jinsi resori inavyozama kama mguu kwenye tope. Nilizungumza vizuri, kama darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile mafuta ulikuwa unachota kwangu, mulikuwa munaitia mu bunduki?"

"Ndiyo, Mama."

"Mie kila asubuhi naweka chupa karibu na moto kwanza, njo mafuta itoke. Kila mwanamuke wa hapa anajua. Mungeniuliza."

Ni hilo tu alilosema kuhusu bunduki. Mimi niliyejisifu kwamba nahoji kila kitu, maaskofu na maprofesa, sikuwahi kumhoji mtu mmoja aliyekuwa na jibu, aliyelala upande wa pili wa ukuta. Basi, kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamalizia. Nilimweleza njiwa, unyoya, ndizi, fimbo. Mikono yake iliacha maharage.

"Alisema akiwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka, Mama."

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Utotoni niliamini kwamba mwongo ni yule anayesema neno ambalo halikusemwa, na kwa kipimo hicho nilijiona msafi miaka yote ile. Nimechelewa sana kujua kwamba nilichukua neno la kweli, nikalinyonyoa kama njiwa, nikaupeleka mfupa kwa Papa. Na Papa akautupa kwa Mama.

"Fanya vile alicheka," Mama alisema. "Nimesahau inaanzaka namna gani."

Nilijaribu. Nilianzia chini tumboni, kama yeye. Mama aliinamisha kichwa asikilize. Nilijaribu tena. Maneno ya Mujomba nilikuwa nayo yote, neno kwa neno, hata leo ninayo. Kicheko hakikutoka.