Paspoti Nne Mezani pa Bwana

Kalekye hakumpenda Kyule, na hakujisumbua kuficha. Mwanaume mzima, suti ya kijani, biblia kubwa kuliko ya pasta, kumbe kazi yake ni kupeleka wasichana wa watu Saudi wakaoshe vyoo. Ajenti! 

Miaka sita iliyopita ni huyo huyo aliyempeleka yeye. Kule mwajiri alimfungia paspoti kabatini, na siku shati lilipokunjamana akamchoma mkono kwa pasi. Alipompigia Kyule akilia, Kyule alimwambia, "Vumilia mama, Mungu ana mpango." Mpango kichwa yake! Sasa Kalekye anauza avokado sokoni Mbooni, na hana haja na mpango wa mtu.

Jumapili hiyo Kyule alipanga paspoti nne kwenye meza ya kanisa, pasta azipake mafuta kabla ya safari ya Jumanne. Moja ilikuwa ya Muthoki, mtoto wa dada yake Kalekye. Tangu itoke, Muthoki hajawahi kuishika. Ilikaa kwa mkoba wa Kyule, eti isipotee. Binti wa pasta mwenyewe yuko chuo cha ualimu. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Pasta akafumba macho, na kanisa zima likafumba. Kalekye hakufumba. Aliinuka, akatembea hadi mbele, akaichukua ya Muthoki. "Amina" ilimkuta amesimama nayo.

"Mama, rudisha," Kyule akasema. "Hiyo ni ya ofisi."

"Ya ofisi? Hii sura ni ya ofisi?"

"Dada Kalekye, tuheshimu ibada," pasta akaingilia.

"Pasta, hata yangu uliipaka." Akakunja mkono wa blauzi, kovu likaonekana hadi viti vya nyuma. "Angalia mafuta yako."

Kyule akamgeukia Muthoki, tabasamu limeisha. "Bila hiyo kukaa kwangu, husafiri."

Muthoki akaja mbele. "Auntie, nipe." Kalekye akampa, ingawa hakujua mtoto ataipeleka wapi. Muthoki akaisukuma ndani ya blauzi yake. "Basi sisafiri."

Kyule akazoa zile tatu, akafunga zipu haraka. Wasichana wenyewe walikuwa wameketi palepale, na mama zao wamewashika sketi wasiinuke. Kalekye akawatazama mama hao mmoja mmoja. Wakafungua vitabu vya nyimbo.