Injini Iliyofuata Mwezi

Nimechoka hata kuisimulia, lakini watu wa kwetu wakiniona bado huniuliza roketi iliishia wapi. Iliishia Bangwe, ufukweni mwa ziwa kwetu, kwenye mchanga ambao shangazi yangu huanikia dagaa.

Tulikuwa wanafunzi wa uhandisi, kikundi kidogo, na injini ya roketi tuliyoihangaikia tangu mwaka wa pili: bomba la chuma lililojazwa nta, na mtungi wa gesi ya kuichochea hiyo nta iungue. Chuoni walitukatalia kuiwasha. Nikajitia kimbelembele, nikasema kwetu Kigoma kuna ufuko, na siku za mbalamwezi mitumbwi haiendi kuvua kwa sababu dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mchanga hubaki mtupu. Tukapanga safari kwa kufuata mwezi. Hakuna kikundi kingine ambacho kingefanya hivyo.

Lori lililobeba mtungi likakwama njiani. Tukakaa kwa shangazi tukila ugali kwa samaki wa migebuka, tukitazama mwezi unavyopungua, hadi hata utani ukatuishia. Mtungi ulipofika, mitumbwi ilikuwa imesharudi kazini. Wenzangu walikuwa waondoke kesho yake alfajiri, wengi wao wakimaliza chuo, na mwenyekiti wa mtaa alituruhusu asubuhi ile tu. Ama tuiwashe siku hiyo, ama basi.

Nilimkuta shangazi ufukweni na mabeseni ya dagaa wabichi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kwa hiyo nisianike?"

"Subiri kidogo tu. Moto wetu utarusha mchanga na moshi."

Akaketi juu ya ndoo, akajitanda kanga kichwani, akangoja.

Koki ya mtungi ikawa inavuja. Tukaifungua, tukaikaza, tukaizungushia mpira, ikavuja tena. Jua likapanda. Kila nilipogeuka nilimwona akifukuza nzi juu ya mabeseni. Afadhali angenigombeza. Harufu ilipoanza kubadilika, mwenzetu mwenye spana aliniambia, "Dakika tano tu, tuko karibu."

Tulikuwa karibu tangu mwaka wa pili.

Nikafunga mtungi. "Anika, shangazi."

Niliona haya, na hasira pia, sijui nilimkasirikia nani. Kisha yule wa spana akaiweka chini, akapiga magoti, akaanza kutandaza dagaa. Wengine wakafuata. Walitandaza vibaya, kwa mafungu, na shangazi akapita nyuma yao akisambaza dagaa upya bila kuwasema. Dagaa wa beseni la chini walikuwa wameharibika. Akawamwaga kando, kunguru wakaja.

Jioni mimi na shangazi tulipokuwa tunazoa dagaa waliokauka, aliitazama injini yetu pale ilipolala, imefunikwa gunia.

"Basi mtaiwasha mbalamwezi ijayo," akasema. "Mimi nitawaachia mchanga wote."

Nikamwambia, ndiyo, shangazi. Ndani ya nyumba yake, wenzangu walikuwa wanafunga mabegi.