Aliyeigiza Mikono Mitupu

Mjini Sekondi watu walimjua Araba Mensima kwa sura kabla ya kumjua kwa jina, na jina lenyewe walilomjua nalo halikuwa lake. Alikuwa mshona nguo, binti wa muuza kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, mwembamba, mwenye macho makubwa yaliyoweza kuwafanya watu wacheke kabla hajafungua kinywa. Alipokuwa na miaka ishirini na sita alicheza mchezo wa Krismasi kanisani, na mtu wa televisheni aliyekuja kumtembelea shemeji yake alimwona. Mwezi haukupita, Araba akawa anapanda gari kwenda Accra kila wiki ya pili kurekodi kipindi.

Kipindi kiliitwa Nyumbani kwa Abaka. Kulikuwa na mzee Abaka mwenyewe, mkewe mwenye ulimi, watoto wao sita, na dada yake mzee, shangazi asiyejaaliwa mtoto. Shangazi huyo aliitwa Mikono Mitupu. Kila Jumapili aliingia na dawa mpya ya miti shamba au na mtume mpya wa kumwombea, na watoto wa Abaka walimuuliza kwa pamoja, "Shangazi, leo umetuletea nani?" Naye alifungua viganja, akachungulia cha kulia, akachungulia cha kushoto, akaviangalia tena kama mtu aliyedondosha kitu njiani. Nchi nzima ilicheka.

Ile ya kuchungulia viganja haikuwamo kwenye maandishi. Aliibuni Araba mwenyewe siku ya kwanza ya mazoezi. Mwongozaji, Bwana Quainoo, aliinuka kitini akamshika mabega, akasema, "Dada, hapo ndipo ulipo. Usiibadilishe hata kidogo." Araba alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyegundua kipaji chake. Alimwonyesha mumewe, Kobina, fundi wa reli, na Kobina akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

Walikuwa wameoana mwaka mmoja tu, na wakati huo hapakuwa na la kuwatia wasiwasi. Mimba ya kwanza ilitoka mwaka uliofuata. Ya pili ilifika miezi mitano. Araba alitoka hospitalini Alhamisi, na wiki iliyofuata alitakiwa studio kwa sehemu ambayo Mikono Mitupu anafunga mto tumboni, anatembea mtaani akijishika kiuno, na wanawake wanampisha njia, mpaka mto unadondoka mbele ya mchungaji.

"Waambie unaumwa," Kobina alimsihi.

"Nikiwaambia naumwa wataniuliza naumwa nini."

Akaenda. Akafunga mto. Ulipodondoka, aliutazama pale chini, kisha akafungua viganja vyake, na wapiga picha wenyewe walishindwa kujizuia. Bwana Quainoo alimwambia hajawahi kuona uigizaji wa namna ile. Yalikuwa maneno ya kweli, na Araba aliyapokea. Hilo ndilo jambo lililomsumbua zaidi baadaye, kwamba aliyapokea, na kwamba ndani ya maumivu yale palikuwa na sehemu yake iliyofurahi.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Watoto wa mtaa walikuwa wameshaanza kumngoja langoni, wakimwona tu wanafungua viganja na kuchungulia. Hawakumchukia. Walimpenda, walimkimbilia, walimbebea kapu la vitambaa. Yeye naye alitabasamu, maana angewakaripia vipi kwa jambo aliloligawa mwenyewe kila Jumapili? Karakana ya reli nayo ikapata utani wake. Mwaka wa sita wa kipindi, baada ya mimba ya tatu kutoka, Kobina alikaa mezani bila kula.

"Araba, mimi nimeweza kuvumilia kukosa mtoto," alisema. "Lakini siwezi kuwa mume wa kichekesho."

Alihamia Tarkwa, akaoa huko, akazaa wanne. Araba hakumlaani. Aliacha kipindi, akarudi kwenye cherehani, na baada ya muda kipindi nacho kikafa.

Miaka ikapita hapo. Wazazi wakafa, dada yake akafa, na mtoto wa dada yake alipokwenda kutafuta maisha ng'ambo alimwachia Araba binti yake, Kuukua. Araba alimlea mtoto huyo tangu akiwa na miezi kumi na minne, akampeleka shule kwa mkono wake, na Kuukua akamwita Nana kama mtoto mwingine yeyote anavyomwita bibi yake. Kwa mara ya kwanza Araba akawa mtu wa kupitwa tu barabarani, kikongwe na mjukuu wake.

Kuukua alikuwa na miaka tisa televisheni ilipokifufua kipindi. Walikionyesha Jumamosi asubuhi, wakakiita burudani ya familia nzima. Muda haukupita, mwalimu mkuu wa shule ya Kuukua, Bwana Otoo, akaja nyumbani na mkate na chupa za kinywaji cha malta. Alikuwa mwanaume mnene mwenye sauti ya upole.

"Nana, sisi tumelelewa na kipindi chako," alisema. "Sitii chumvi. Ijumaa ya utamaduni nataka watoto wakione, na wewe ukae mbele, wakuone."

"Watoto wa siku hizi watakicheka kile?"

"Watacheka, Nana. Kile hakizeeki."

Araba alishona gauni jipya. Ijumaa wakamketisha kwenye kiti chenye mto, darasa la kwanza hadi la sita wakajaa ukumbini, na picha ilipowaka ukutani alijiona ana miaka ishirini na minane, amefunga tumbo. Hakuwa ameulizwa ni sehemu ipi itakayoonyeshwa. Wangemuuliza ya nini? Ndiyo iliyokuwa maarufu kuliko zote.

Ukumbi ulicheka. Araba, ambaye hakutaka kuangalia ukutani, aliangalia watu, na karibu na dirisha akamwona mwalimu kijana wa kike amesimama na boksi la chaki kifuani. Msichana mmoja wa darasa la sita aligeuka kumwelekea mwalimu huyo, akafungua viganja, akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Mwenzake akafanya vilevile. Safu nzima ikageuka. Katika safu ya mbele yao, akicheka kwa kinywa chote, Kuukua naye alikuwa amefungua viganja.

Mwalimu alitabasamu. Araba alilijua tabasamu lile. Kisha mwalimu akatoka nje taratibu, na Araba akainuka akamfuata.

Alimkuta nyuma ya madarasa, karibu na tangi la maji. Aliitwa Ewurabena, na alikuwa na miaka minane ya ndoa bila mtoto.

"Wanakuita Mikono Mitupu?" Araba alimuuliza.

"Tangu kipindi kiliporudi, Mama." Alifuta chaki vidoleni. "Hawana ubaya. Ni watoto."

"Na walimu wenzako?"

Ewurabena aliendelea kufuta vidole. Akasema, "Mama yangu alikupenda sana. Alikuwa hapiki jikoni kipindi kikianza."

"Ile ya mikono niliibuni mimi, mwanangu. Haikuandikwa na mtu."

Ukumbi ulicheka tena. Mwishowe Ewurabena alisema, "Isingekuwa hiyo, Mama, wangepata nyingine." Alisema kwa adabu, kama mtu anayemfariji mgeni, na Araba akaona aibu kwamba aliyekuwa akifarijiwa ni yeye.

Jumatatu iliyofuata alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, akamwomba kipindi kisionyeshwe tena shuleni. Bwana Otoo alisikitika kweli. Alimvutia kiti.

"Nana, hebu nikuulize. Kuna matusi mle? Kuna risasi? Kuna watu uchi? Watoto wanaona nini kwenye simu, unajua? Mle kuna mzee anaheshimiwa, familia inakula pamoja, na lugha ni yetu. Kama hicho hakiwafai watoto, niwape nini?"

Araba alikubali kwamba yote hayo ni kweli. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa unakaa nyuma ya bohari la reli. Ulikuwa na shati la kijani lililokatwa mikono."

Bwana Otoo akacheka kwa mshangao. "Unanikumbuka?"

"Nilitoka hospitalini siku ya Alhamisi. Mlikuwa sita au saba langoni. Wewe ndiye uliyesogea mbele, ukanifungulia viganja. Damu ilikuwa haijakauka, baba."

Mwanaume yule alijaribu kukumbuka, ikaonekana usoni kwamba anajaribu, na kwamba hakupata kitu.

"Nana," alisema baadaye kwa sauti ndogo, "sisi tulikupenda."

"Najua. Ningekuwa nimechukiwa, ningejua la kufanya."

Bwana Otoo aliliwasilisha jambo hilo kwenye kikao cha wazazi, na hilo Araba alimhesabia kuwa ni uungwana. Wazazi walibishana saa nzima. Mmoja alisema watoto wafundishwe, wasifichwe. Mwingine alisema wazee siku hizi wanaharibu hata utamu wa zamani. Wakaamua kipindi kiendelee, ila mwalimu awaeleze watoto kwanza kwamba ni mchezo tu. Muhula ulipokwisha, Ewurabena aliomba uhamisho, akapelekwa mbali kaskazini, ambako hakuna aliyemjua.

Kuukua aliambiwa yote, polepole, wakiosha vyombo. Aliacha kuosha, mikono bado majini.

"Kama ulikuwa unaumia, Nana, mbona pale ulikuwa unachekesha vile?"

"Kwa sababu nilikuwa hodari."

Mtoto alilia, akasema hatafanya tena, na hakufanya. Hata bila kuambiwa, Jumamosi asubuhi hakuiwasha tena televisheni.

Araba aliandika barua kwenda televisheni, kurasa mbili, akiomba kwamba kama hawawezi kukiacha kipindi, angalau ile sehemu ya mto waiweke kando. Walimjibu kwa heshima. Walimshukuru kwa mchango wake, wakamwalika Accra kwa mahojiano, na wakamjulisha kwamba sehemu hiyo ndiyo inayoombwa zaidi na watazamaji, hivyo wataionyesha siku ya Krismasi.

Hakwenda. Siku ya Krismasi yeye na Kuukua walirudi kutoka kanisani mapema, wakapika, wakakaa kula. Nyumba zote za jirani zilikuwa na madirisha wazi kwa ajili ya joto. Kicheko kilianza nyumba ya kushoto, kikaenda ya mbele, kikazunguka mtaa mzima, cha wakubwa na cha wadogo. Kuukua aliinuka kwenda kufunga dirisha.

"Liache," Araba alimwambia. "Kuna joto. Njoo ule."